Sahihi ya Kapteni

Jumatatu, 4 Juni 1951

Saa moja na nusu nimefungua ofisi. Madirisha. Penseli tatu nimezichonga. Kikaratasi nimekiweka chini ya kisahani cha majivu, kama kila siku: leo Jumatatu, tarehe nne, fundi wa mashine ya kupasulia mbao anakuja saa nne, barua ya Dar es Salaam haijajibiwa. Bwana Harkin, meneja wetu, akiingia hukisoma, hukitia mfukoni, halafu hunitangazia mimi kwamba leo ni Jumatatu.

Fundi alipofika saa nne, Bwana akaniuliza huyu nani. Nikamtajia. Baada ya robo saa akaniuliza tena. Fundi akanitazama. Nikainamia taipureta.

Mwaka na nusu sasa. Kampuni ya mbao inanilipa kuwa karani wake. Haikuniajiri kuwa kichwa chake.

Chakula cha jioni nimekirudisha. Mke wangu, Rebeka, anasema ni maharage. Si maharage.

Alhamisi, 7 Juni

Kiko chake kimepotea. Akanisimamisha mbele ya vibarua wa mbao, akaniambia, "Kapela, wewe ni mwizi." Mimi! Mwana wa mzee wa kanisa. Kiko kilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, moshi bado unatoka. Alipounguzwa akakitoa, akavuta, akaendelea na kazi. Hakusema pole. Nadhani alikuwa ameshasahau kwamba ameniita mwizi. Vibarua hawakusahau.

Memsahib, mke wake, alikuja saa sita kumchukua kwa chakula. Akapita mezani kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Asante kwa uvumilivu wako." Ndivyo alivyoanza masika ya mwaka jana. "Msaidie Bwana, Kapela. Amechoka tu. Usimwambie mtu." Nikamsaidia. Kwanza vikaratasi. Kisha kumkumbusha majina. Kisha, siku moja alipolala mezani na treni ya mizigo inasubiri, Memsahib akaniambia nitie sahihi yake kwenye barua ya mbao. Nikatia. Barua tatu kwa jumla. Nilijisifu moyoni kwamba mkono wangu unaweza kuiga ile H yake yenye mkia.

Mjinga mimi.

Jumamosi, 9 Juni

Nusu siku. Kazi hakuna, hadithi ipo. Akasimama chini ya ile picha ya ukutani: wanaume kumi na watano wamekunja mikono, yeye kati, ameshika mpira mrefu kama papai. Mchezo wa raga. Mpira unashikwa kwa mikono, na mwenye mpira anaangushwa chini kwa nguvu zote, wala si kosa.

Hadithi ni nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtoto wa mwalimu wa kijiji huko Uskochi. Timu ya taifa akaingia ana miaka ishirini na mmoja. Baada ya miaka mitatu wakampa ukapteni. Siku waliyocheza na Waingereza akapigwa goti kichwani kabla ya mapumziko. Akaanguka, akainuka, akaendelea kuwaamuru wenzake. Wakashinda. Akabebwa mabegani hadi nje ya uwanja. "Na kipindi cha pili chote sikikumbuki hata kidogo, Kapela! Wenzangu ndio walionisimulia." Hucheka kila akifika hapo. Miaka minne mingine akacheza, akapigwa tena na tena. Masikio yamekunjamana kama uyoga. Hakuna aliyemwambia apumzike. Kisha vita. Kisha Kampuni ikamleta Tabora asimamie msitu, kwa kuwa wakubwa walilijua jina lake.

Hapa watu wanamwita Mbogo. Kwa kile kifua, na ile shingo.

Leo hakucheka. Alifika pale penye goti akaishia hapo, akaangalia mikono yake. Nikaogopa. Nilifikiri: huyu mtu hajatoka bado kwenye kile kipindi cha pili.

Jumatatu, 11 Juni

Siwezi kuandika vizuri.

Saa tatu lori la Kampuni liliingia uani. Nyuma watu saba wamefungwa kamba, nyuso zina masizi. Warina asali. Wa kwanza kushuka ni mjomba Lugonda, ndugu wa mama yangu. Viganja vyake vimeungua vyote viwili, ngozi inaning'inia.

Mjomba na wenzake wana vibali. Niliviandika mimi mwenyewe tarehe mbili Mei, vibali saba, ruhusa ya kupiga kambi msituni mwa Kampuni hadi mwisho wa Julai. Bwana Harkin alivitia sahihi mbele yangu, kimoja kimoja, huku anapiga mluzi. Ijumaa, kumbe, walinzi wa msitu walimpelekea ujumbe nyumbani: kuna watu wamepiga kambi kando ya njia ya zamani ya misafara, je, wanaruhusiwa? Akajibu kwa maandishi kwamba hajamruhusu mtu. Walinzi wakachoma kambi. Mizinga ya magome, thelathini na kitu, yote motoni na asali ndani. Mjomba alijaribu kuuokoa mmoja.

Walionyesha vibali vyao. Mkuu wa walinzi akavichukua, akamletea Bwana. Bwana akavitazama dirishani, kwenye mwanga. "Hii si sahihi yangu."

Mjomba alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

Babu yake mjomba alibeba pembe za ndovu kwa njia ileile hadi Bagamoyo, akarudi kwa miguu yake. Mjukuu amerudi amefungwa kamba, hajaiba hata sega.

Jumanne, 12 Juni

Nilimpelekea Bwana kitabu cha vibali. Vipande vinavyobaki kitabuni vimo vyote saba, na tarehe, na sahihi. Nikasema kwa adabu, "Bwana, ulivitia sahihi hapa, tarehe mbili Mei. Ulikuwa umevaa koti la kijivu."

Akainuka. Ni mrefu sana akiinuka. Akasema hajawahi kuviona. Akavuta droo yangu, akamwaga kila kitu sakafuni, na humo zikatoka nakala za zile barua tatu za mbao. Akaziweka sambamba na vibali. Kwa mara ya kwanza mwaka huu macho yake yalikuwa makali, yamechangamka.

"Hizi pia sikuzitia sahihi mimi."

Hapo alisema kweli! Ndiyo balaa yenyewe. Barua tatu ni mkono wangu, vibali saba ni mkono wake, na nani atanisikiliza nikisema hivyo?

Akapiga simu polisi. Nikakimbia hadi nyumbani kwake, mlango wa mbele, sikuzunguka jikoni. Memsahib akatoka. Nikamwambia yote. Uso ukamwisha damu. Akasema, "Sijui unazungumzia nini, Kapela," akafunga mlango. Polepole. Nilisikia kitasa.

Namchukia. Naandika neno hili kwa kalamu, silifuti. Namchukia yule mwanamke kuliko mumewe. Mumewe amesahau.

Jumatano, 13 Juni

Nimeamriwa nifike polisi saa mbili. Kosa: kughushi sahihi. Mjomba na wenzake: kuingia msituni bila ruhusa.

Rebeka amenipigia pasi shati jeupe. Halii. Amekasirika hata haniangalii. "Nilikwambia masika ya mwaka jana," amesema. Kweli alinambia.

Daftari hili namwachia yeye. Atalizamisha kwenye gunia la mtama.

Jumatano, 20 Juni

Nipo nyumbani, Isevya. Nimeoga mara mbili. Siku saba zimepita bila kuandika, usiku sita nimelala juu ya saruji ya mahabusu. Nitaandika ya jana yote, mwanzo mwisho, kabla watu hawajayapamba.

Mahakama ilijaa. Wazungu walikaa mbele. Bwana Harkin alipoingia, wanne walisimama kumpa mkono. Hakimu mwenyewe akainamisha kichwa kwa heshima. Si kwa ajili ya Kampuni. Kwa ajili ya ule mpira. Alivaa koti la buluu lenye nembo ya timu kifuani. Mimi nilikuwa na shati lililolaliwa siku sita. Mjomba alikaa nyuma yangu, mikono imefungwa bendeji nyeupe kama mafundo ya pamba. Walikuwa wamempeleka hospitali, Kitete, askari mlangoni.

Wakili sina. Inspekta akamuuliza Bwana: vibali hivi ulivitia sahihi? La. Kwa sauti nzito, safi. Barua hizi? La. Una hakika? "Nina hakika kama ninavyojua jina langu." Wazungu wakaguna kukubali. Nikaona nimekwisha.

Hakimu akaniuliza kama nina swali kwa shahidi.

Siku sita nilikuwa nimetunga maswali. Marefu, ya kikarani, yenye tarehe. Yote yakanitoka. Nilimtazama tu, na hasira ikanipanda kutoka miguuni, nikauliza kwa Kiingereza, karani wa mahakama akatafsiri ili akina mjomba wasikie.

"Bwana, jana asubuhi nani alikuletea chai na barua ofisini?"

"Wewe, Kapela," akajibu. Bila kusita. "Kama kila siku."

Nikasikia mtu mmoja nyuma akivuta pumzi.

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa pia. Tuliongea habari za mashine." Akatabasamu. Alinitabasamia mimi, kwa wema kabisa, kama ofisini asubuhi akiwa mzima.

Hakimu akaweka kalamu chini. Akasema taratibu, "Bwana Harkin, mshtakiwa yuko mahabusu tangu Jumatano iliyopita."

Bwana akamtazama hakimu. Akanitazama mimi, shati langu, askari aliyesimama kando yangu. Nikaona ukweli unamwingia. Sijapata kuona kitu kama kile usoni mwa mtu mzima. Akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akatafuta mfukoni, akatoa kikaratasi. Cha wiki iliyopita, mwandiko wangu. Akakisoma. Akakigeuza nyuma. Hakuna kitu nyuma.

Hakuna aliyecheka. Nilitaka wacheke. Baadaye nikafurahi hawakucheka.

Ndipo Memsahib akasimama pale mbele, kofia mkononi. "Zile barua tatu nilimwomba mimi azitie sahihi. Vibali alivitia mume wangu. Jioni ile alinieleza habari za watu wa asali, alifurahi. Kesho yake hakukumbuka." Inspekta akamwambia si zamu yake kusema. Akasema, "Zamu yangu ilikuwa wiki iliyopita."

Hakimu akaniachia. Na wale saba. Ikachukua dakika chache tu.

Nje watu walinipiga mabegani. "Kapela, umemwangusha Mbogo!" Niliwaambia wanyamaze. Hawakunyamaza. Tulipofika barabarani mjomba akasimama. Kisha akasema, "Mpwa wangu, umeuliza vizuri. Lakini mizinga yangu imeungua."

Jumamosi, 23 Juni

Barua ya Kampuni imeletwa na tarishi. Taipu mbaya, makosa mawili. Wananishukuru kwa utumishi wangu. Kwa kuwa imebainika nilitia sahihi isiyo yangu, hawanihitaji tena. Bwana Harkin anapumzishwa kwa sababu za afya, na heshima zote.

Kwake heshima zote, kwangu makosa mawili ya taipu!

Nilikwenda ofisini kudai mizinga ya mjomba ilipwe kwa mizinga, asali kwa asali. Kuna bwana mpya, kijana, wa muda. Akasema Kampuni haina habari ya mizinga. Nikasema kambi ilichomwa na walinzi wenu, kwa amri yenu, na vibali vyenu mkononi. Akasema niandike barua. Nikakaa kwenye taipureta yangu mwenyewe, pale pale mbele yake, nikaiandika. Akaogopa kunitoa. Nikaweka jina langu, sahihi yangu, K yangu isiyo na mkia wowote.

Ukutani pamebaki alama ya mraba. Picha imeondolewa.

Jumatatu, 25 Juni

Nimemtembelea mjomba, Kitete. Vidole viwili vya kushoto havitakunjika tena, daktari amemwambia. Mrina asali asiye na vidole anapandaje mti? Nikamuuliza nini anataka nimletee. Akasema tumbaku ya kunusa. Nikampa. Hakuweza kuifinya. Nikamshikia.

Nikatoka nje nikapiga ukuta teke. Mguu umevimba. Ujinga mtupu.

Jumanne, 26 Juni

Memsahib amekuja Isevya. Kwa miguu, peke yake, mchana kweupe, majirani wote milangoni. Rebeka akamtolea kigoda, kwa kuwa mgeni ni mgeni, kisha akaingia ndani akaanza kutwanga kwa nguvu, hakuna cha kutwanga.

Nilisema, "Ulijua."

"Nilijua."

"Siku sita nimelala kwenye saruji."

"Kila asubuhi nilivaa kofia nije kusema," akasema. "Kila asubuhi yeye aliniuliza ninakwenda wapi." Akafungua mkoba wake. "Kapteni wa nchi nzima, Kapela. Walimbeba mabegani. Nilitaka abaki vile."

"Na mimi nibaki vipi?"

Hakuomba msamaha, nadhani alijua ningekataa. Alikuwa amekuja na barua, imeandikwa na yeye, imetiwa sahihi na hakimu kama shahidi. Inasema kambi ilikuwa halali, na Kampuni ilichoma mali ya watu kwa kosa la meneja wake. "Wataikasirikia," akasema. "Wanaweza kutunyima hata nyumba ya kufikia Dar es Salaam. Ipeleke."

Nimeichukua. Sikusema asante. Rebeka akaacha kutwanga, akamsindikiza hadi kwenye njia kubwa. Nilimuuliza Rebeka waliongea nini. "Aliniuliza kama unalala usingizi," akasema. "Nikamwambia hapana. Akasema na yule naye hapana."

Bado nina hasira naye. Imepungua ukali, imeongezeka uzito.

Jumamosi, 30 Juni

Kampuni imeisoma barua ya Memsahib, imekubali. Miti ya mninga na magome ya mizinga arobaini mipya, na kambi hadi mwisho wa Agosti. Kazi yangu, hapana. Yule bwana kijana alitia sahihi mkono unatoka jasho. Nikamwomba anakili mara mbili, na aandike tarehe.

Vidole vya mjomba havimo kwenye karatasi yoyote.

Tumeamua. Rebeka atabaki na watoto hadi shule ifungwe. Mimi natangulia Bukene kwa mama. Mjomba ana maarifa, mimi nina mikono. Atakaa chini, atanielekeza, mimi nitapanda. Sijawahi kupanda mti wenye nyuki. Ana miaka hamsini na kitu, na leo amecheka kwa mara ya kwanza tangu moto: "Karani juu ya mti! Nyuki watataka kibali."

Alhamisi, 5 Julai

Stesheni asubuhi. Baridi ya kipupwe, jua jembamba. Treni ya Mwanza imechelewa. Mjomba alikuwa ameshakwenda Jumanne na wenzake.

Nilikuwa na sanduku langu na kibuyu cha maji. Benchi zote za upande wetu zimejaa. Nikasogea mbele, na huko nikawaona. Memsahib yuko dirishani kwa karani wa tiketi, anagombania vitanda. Bwana Harkin amekaa peke yake kwenye benchi, koti la kijivu, kofia magotini. Amekonda. Wanasubiri treni ya kwenda pwani.

Nilitaka kugeuka. Ameniona. Akanitazama kama mtu anavyomtazama msafiri mwenzake, akasogea pembeni, akapiga ubao kwa kiganja.

"Karibu, bwana. Keti. Nafasi ipo."

Mwaka na nusu sikuwahi kukaa mbele yake bila kuamriwa. Wala hajapata kuniita bwana.

Nikakaa. Sanduku kati ya miguu.

"Unakwenda mbali?" akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Bukene."

"Kuna nini Bukene?"

"Mama yangu. Na msitu."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimesema jambo zito. "Mimi nakwenda nyumbani," akasema. "Mke wangu anasema hivyo." Kisha akaigeuza kofia yake, "Nyumbani wananijua, sivyo?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nimeyabeba tangu mahabusu.

"Ndiyo," nikasema. "Wanakujua."

Akashusha pumzi. Tukakaa. Wachuuzi wa karanga walipita. Akanunua fungu moja, akaligawa sawasawa, akaniwekea nusu kwenye kiganja. Zilikuwa za moto. Tukala.

Treni yangu ilitangulia. Memsahib aligeuka, akaniona nimekaa pale, akasimama na tiketi zake mkononi. Nikainamisha kichwa kidogo. Naye hivyo hivyo.

Nikachukua sanduku langu, nikapanda.